Kikasha cha gemu za zamani: anza na TV ya nyumbani, halafu ndiyo uende dukani

Miezi ya kawaida mnatuuliza kuhusu makato ya kutuma hela, vikoba, na lini shilingi itapanda. Likizo ya shule ikikaribia, mnauliza zawadi. Na sasa hivi mnauliza sana kuhusu kile kikasha cha gemu za zamani, kinachoandikwa "gemu 10,000 ndani", ambacho unakichomeka kwenye TV na mtoto anacheza Mario, Contra na Pac-Man kama tulivyocheza sisi.

Tuanze na dada mmoja msomaji wetu, mfanyakazi wa ndani pale Seeb. Alinunua kikasha kwa riyali 14. Mwanawe ana miaka 9, anakaa na bibi yake Muheza, na ni miaka miwili hawajaonana. Kikasha kilisafiri na jirani, kikafika salama. Mtoto akaita wenzake wa mtaa mzima. Kufungua boksi, kikasha kina tundu la HDMI. TV ya bibi ni ya chogo, haina tundu hilo. Watoto wakakaa sebuleni wakisubiri fundi mpaka magharibi, fundi hakutokea, wakatawanyika. Usiku mtoto akampigia mama yake: "Mama usijali, nitasubiri ukinunua TV nyingine."

Sikia sasa ilipokuwa inaelekea. Dada alikuwa ameshaongea na mwenzake amkopeshe, anunue TV ya flati ya shilingi laki tatu. Zawadi ya riyali 14 inageuka deni la miezi. Alipotuandikia tulimwambia asubiri kidogo, kwa sababu dawa ya tatizo lake ni kidude cha riyali 2 hivi. Tutakifikia.

Kikasha chenyewe ni nini

Ni kompyuta ndogo, imefungwa kwenye plastiki. Ndani kuna programu inayoitwa emuleta, kazi yake ni kujifanya mashine ya zamani. Gemu iliyotengenezwa kwa ajili ya Famicom ya Nintendo (Japani, 1983), Mega Drive ya Sega (1988) au PlayStation ya kwanza (1994) inadanganywa kwamba imo ndani ya mashine yake, na inacheza. Wengi wetu hatukuzijua hizo mashine halisi. Tulichezea nakala za Famicom zenye kaseti za njano, tukaziita "TV gemu", na kaseti ikigoma unaipuliza.

Gemu za Famicom ni nyepesi sana, hata kikasha cha bei ya chini kabisa kinaziweza. Za PlayStation ya kwanza nyingi zinaenda vizuri kwenye kikasha cha kati. Nintendo 64 ya mwaka 1996 ndiyo inayovisumbua vikasha rahisi: picha inakwama, sauti inakatika. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "hii inacheza kila kitu", mwambie akuwashie gemu moja ya Nintendo 64 uione mwenyewe.

Na ile namba 10,000 isikupumbaze. Gemu moja inahesabiwa mara tatu nne: toleo la Japani, la Marekani, la Ulaya, na lile lililobadilishwa rangi ya nguo. Mtoto atapenda kama kumi na tano, basi. Unacholipia kwa kweli ni padi za kuchezea, memori na chaja. Ndivyo vinavyoharibika.

Jambo moja tuliseme wazi. Emuleta yenyewe ni halali. Lakini gemu zilizojazwa kwenye vikasha hivi, kwa sehemu kubwa ni nakala zisizo na ruhusa ya wenye hakimiliki. Kampuni zenyewe zimewahi kutoa vikasha vyao halali: Nintendo walitoa kimoja 2016 chenye gemu 30, Sega wakatoa Mega Drive Mini 2019 yenye gemu 42. Idadi ni ndogo, bei ni kubwa, na siku hizi ukivikuta madukani angalia sana maana vimeigwa. Kuna pia Evercade ya Uingereza, iliyoanza 2020, inayouza kaseti zenye leseni. Sisi tunapendelea njia halali, na hapa chini tutataja moja isiyo na gharama. Uamuzi ni wako, ila ujue unachonunua.

Anza na TV

Kabla hujaenda Ruwi, Deira au Batha, piga simu nyumbani. Usiulize "TV yenu ina HDMI?" maana bibi atasema ndiyo ili asikukatishe tamaa. Uliza hivi: "King'amuzi kimechomekwa kwenye TV kwa waya gani?" Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia mwisho wa 2012, karibu kila nyumba yenye TV inatumia king'amuzi, na ule waya wake unakupa jibu lote. Kama ni waya wenye vichwa vitatu, njano, nyeupe na nyekundu, basi wanatumia tundu la AV. Kama ni waya mmoja wenye kichwa kipana cha bapa, hiyo ni HDMI. Bora zaidi, mtu apige picha ya mgongo wa TV akutumie.

Ikiwa ni HDMI, nunua kikasha chochote kizuri. Ikiwa ni AV tu, una njia mbili.

Ya kwanza ni vile vikasha vidogo vinavyoandikwa "620". Vingi vinakuja na waya wa AV moja kwa moja, na padi zake ni za waya, hazitumii betri. Gemu zake ni za aina ya Famicom tu, nyingi zinajirudia, na mtoto hawezi kuhifadhi alipofika. Ila kwa mtoto wa miaka 6 hadi 9 na TV ya chogo, kwa kweli tunakipenda. Hakina makuu.

Ya pili ni kununua kikasha cha HDMI pamoja na kigeuzi, na hapa ndipo watu wanapoibiwa bila mwizi. Vigeuzi viko viwili na vinafanana kama mapacha. Kimoja kinatoa HDMI kupeleka AV. Kingine kinatoa AV kupeleka HDMI. Wewe unataka cha kwanza: HDMI inaingia, njano-nyeupe-nyekundu inatoka. Soma maandishi juu yake, tafuta "HDMI2AV", na angalia mshale. Pembeni kina kiswichi kidogo cha PAL na NTSC. Picha ikitoka nyeusi na nyeupe, au inatembea, sogeza kiswichi hicho upande wa pili kabla hujamwita fundi. Na kigeuzi nacho kinataka umeme wa USB, kwa hiyo hesabu chaja mbili.

Kama TV ni ya zamani sana, ina tundu la antena peke yake, ahirisha zawadi hii. Mnunulie mpira.

Dukani

Padi kwanza. Shika, bonyeza kila kitufe, zungusha ile mishale. Padi za bila waya ni nzuri kuangalia, lakini nyingi zinakula betri ndogo za rimoti, zile AAA, mbili kwa kila padi. Padi mbili ni betri nne. Kijijini betri za bei rahisi hazikai, na bibi ndiye atakayezinunua kwa hela uliyomtumia ya sukari. Ukiweza chukua padi za waya wa USB. Ukishindwa, nunua betri za kuchaji pamoja na chaja yake.

Memori pili. Gemu zote ziko kwenye kadi ndogo kama ya simu. Kadi inayokuja na kikasha cha bei rahisi mara nyingi ndiyo inayokufa mapema, na ikifa, kikasha ni plastiki tupu. Nunua kadi nyingine ya jina linalofahamika, duka linalotoa risiti, umwombe fundi wa kompyuta anakili kadi nzima ya kwanza kuihamishia ya pili. Kunakili mafaili tu hakutoshi. Anakili kadi kamili, ili iwashe kikasha. Moja inaenda nyumbani, moja inabaki kwako ndani ya soksi.

Chaja tatu. Maelekezo yanasema chomeka kwenye USB ya TV. Usb za TV nyingi zinatoa umeme mdogo, na kikasha kinajizima katikati ya gemu. Tumia chaja ya simu ya volti 5, ampea 2. Mlioko Ghuba mna bahati, plagi ya pini tatu ya Oman na Imarati ndiyo ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mlioko Marekani, angalia chaja imeandikwa 100-240V, na mkumbuke adapta ya plagi.

Usilipe kabla hakijawashwa mbele yako. Muuzaji akikataa kuwasha, toka. Maduka yako mengi.

Hesabu

Tuchukulie dada analipwa riyali 100. Za kutuma nyumbani 60, akiba 20, matumizi yake 20. Zawadi inatoka wapi? Inatoka kwenye zile 20 za matumizi, kidogo kidogo kwa miezi miwili. Haitoki kwenye 60, maana zile zina wenyewe: ada, chakula, dawa za bibi. Na haitoki kwenye akiba. Ukianza kuchota akiba kwa ajili ya zawadi, mwezi ujao utachota kwa ajili ya harusi ya shemeji.

Sasa bei yenyewe. Hizi ni bei za mfano, wewe weka zako:

Kikasha 14
Kigeuzi cha AV 2
Betri za kuchaji na chaja yake 4
Kadi ya pili 5
Kuchangia kilo za msafiri 1.5

Jumla riyali 26 na nusu. Riyali ya Oman imefungwa kwa dola, riyali moja ni kama dola 2.60, kwa hiyo hapo ni karibu dola 69. Kikasha cha 14 kimekaribia mara mbili. Hatusemi usinunue. Tunasema ukienda dukani na 14 mfukoni umeenda na nusu ya bei, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo iliyomliza mtoto wa Muheza.

Na ile njia isiyo na gharama? Kama una simu ya zamani ya Android imelala sandukuni, weka programu inayoitwa RetroArch. Ni ya bure, haina matangazo, na ni halali. Inakuja bila gemu, lakini zipo gemu ambazo watengenezaji wake wenyewe wamezitoa bure, kwa mfano Cave Story, iliyotolewa bure na Mjapani mmoja mwaka 2004 baada ya kuitengeneza peke yake kwa miaka. Unaweza kuunganisha padi ya Bluetooth. Haitapendeza kama TV yenye wenzake wanne wakipigiana kelele, hilo tunakubali. Ila ni sifuri riyali.

Mlioko Uingereza na Marekani wenye kompyuta na jioni moja ya kupumzika, mnaweza kutengeneza kikasha chenu kwa Raspberry Pi 4 na mfumo wa bure unaoitwa Batocera. Unaushusha, unauandika kwenye kadi ya 32GB kwa programu ya Raspberry Pi Imager, unachomeka, kinawaka. Pi 4 inataka chaja yake ya ampea 3, na kasha lenye feni, maana joto la Mombasa siyo la Leicester. Gharama inazidi kikasha cha dukani, ila kinadumu na unajua kilichomo ndani.

"Nitumie vitatu nifungue kibanda"

Hili nalo lazima tuliseme, kwa sababu kaka zetu wa saiti wanaombwa sana. Mdogo wako anasema: kaka, nitumie vikasha, nifungue kibanda cha gemu, nitakurudishia.

Tufanye hesabu ya kikasha kimoja. Saa moja ya kucheza iwe shilingi 1,000, na kwa siku zipatikane saa 5 za kulipiwa. Hiyo ni 5,000. Kwa siku 26, shilingi 130,000. Toa pango 40,000, umeme 20,000, na posho ya mdogo wako 60,000. Kinabaki 10,000. TV umenunua laki tatu. Utairudisha kwa miezi 30, kabla hujahesabu kikasha chenyewe wala padi zilizovunjwa, na zitavunjwa. Ukisema mdogo wako asijilipe, atajilipa kutoka kwenye droo na wewe hutaona.

Halafu wateja. Vijana wanaolipia kibandani wanataka mpira wa sasa, wachezaji wenye majina ya msimu huu. Contra wanaicheza siku mbili wanacheka, ya tatu hawaji. Juu ya hapo, kuchezesha watu kwa malipo kwa nakala zisizo na ruhusa ni kesi nyingine kabisa kuliko mtoto sebuleni. Tanzania kuna COSOTA, Kenya kuna KECOBO, na ofisi ya biashara itataka leseni yake pia. Kwa hiyo zawadi, sawa. Kibanda kwa kikasha hiki, sisi tunasema hapana. Akitaka biashara, akuletee hesabu kama hii kwa kitu kingine, mkae muipitie pamoja.

Kiwashe wewe kwanza

Usikitume kikiwa kwenye nailoni yake. Kiwashe huko huko. Kaka wa kambini, tumia TV ya chumba, Ijumaa. Dada wa ndani, kama mama mwenye nyumba ni mtu wa kuongea naye, mwombe saa moja ya TV. Kama siye, subiri siku yako ya mapumziko uende kwa mwenzako. Usichomeke kwa siri. Kikasha hakistahili ugomvi na mwajiri.

Kikiwaka, menyu inaweza kuwa ya Kichina. Tafuta alama ya gurudumu lenye meno, ndani yake kuna lugha. Kisha fanya kazi moja ya uvumilivu: pitia orodha, chagua gemu ishirini unazozijua, uziweke kwenye sehemu ya vipendwa, mara nyingi ni alama ya nyota au moyo. Ndani ya hizo elfu kumi kuna za kuchinjana na nyingine za picha zisizofaa mtoto. Kama kuna sehemu ya kuficha gemu, zifiche. Kama haipo, mtoto apewe ile orodha ya nyota tu, na bibi ajue hivyo.

Jifunze pia kutoka kwenye gemu. Kwenye vikasha vingi unabonyeza Start na Select kwa pamoja. Na zima kutoka kwenye menyu kama kuna sehemu ya kuzima, ndipo uchomoe. Kuchomoa kikiwa kinaandika ndiko kunakoua kadi. Umeme ukikatika wenyewe, hamna la kufanya, ndiyo maana una kadi ya pili kwenye soksi.

Bandika plasta kwenye kila waya na uandike kwa kalamu: 1, 2, 3. Halafu rekodi sauti ya WhatsApp, fupi, mtu wa nyumbani aweze kuirudia. Yule dada wa Seeb aliturushia yake, na kwa ruhusa yake tunaiweka hapa karibu ilivyo:

"Mama shikamoo. Mama, kuna waya una namba 1, huo uingie kwenye kikasha cheusi. Namba 2 uingie kwenye kile kidude cheupe. Halafu chomoa zile rangi tatu za king'amuzi, chomeka hizi za kwangu pale pale, njano kwa njano. Usiogope, king'amuzi hakiharibiki. Washa TV, bonyeza rimoti mpaka iandike AV. Picha ikiwa haina rangi, kuna kiswichi kidogo pembeni ya kile cheupe, kisogeze. Wakimaliza wazime kwenye menyu, mama, wasichomoe. Na saa moja tu kwa siku, baada ya kazi za shule. Akibisha niambie."

Msafiri

Mzigo mpeni mtu mnayemfahamu, mfungueni mbele yake aone kilichomo, na mpeni risiti ya duka. Akiulizwa forodhani ana cha kuonyesha, na ajibu ukweli kwamba ni kifaa cha kuchezea gemu na bei yake ni hii. Kama kuna pawabenki au betri za lithiamu zisizo ndani ya kifaa, zisiwekwe kwenye begi la chini. Zinaingia kabati na abiria, hiyo ni sheria ya ndege, na begi linaweza kurudishwa kufunguliwa. Padi zitolewe betri kabisa, zisije zikajiwasha njiani zikafika zimekufa.

Kigeuzi cha yule dada kilifika Muheza wiki tatu baadaye, ndani ya begi la mwanamke mwingine wa Tanga. Cha kwanza alichokuwa amenunua kilikuwa cha kinyume, AV kwenda HDMI, tukamrudisha dukani na wakambadilishia kwa sababu alikuwa na risiti. Sasa bibi anatuuliza, kupitia kwa binti yake, kama inawezekana king'amuzi na kikasha vyote vikae vimechomekwa, maana taarifa ya habari inampita. Inawezekana. Kuna kigawanyi cha AV chenye kitufe, unabonyeza 1 au 2. Kabla ya kukinunua, angalia mbele ya TV kama hakuna tundu la pili la AV chini ya kile kifuniko kidogo. Chogo nyingi zinalo.